Shajara ya tamthilia: Kulwa na Doto wasiozaliwa tumbo moja

Wiki ya 1, Jumatatu. Kirumba

Tumeanza. Watu sita, chumba cha nyuma cha duka la nyavu, feni moja inayozunguka inapojisikia. Mwongozaji anataka sehemu sita, kila moja dakika arobaini na tano. Mimi nimepewa kazi mbili kwa posho moja: kuandika skripti na kuandika shajara hii, ili siku mfadhili akiuliza hela imekwenda wapi pawe na pa kumwonyesha.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana wawili wa Uganda wanakimbilia Mwanza baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Opio ni wa kabila la Walango wa kaskazini, Kato ni Mnyankole wa magharibi. Wanapanga chumba kimoja Mabatini, wanabeba marobota ya pamba gatini, wanagawana sabuni na shati la kutokea. Mwaka 1979 wanarudi kwao na bunduki, bega kwa bega na jeshi la Tanzania, kumng'oa Amin. Miaka miwili baadaye kila mmoja yuko upande wake wa vita vya wenyewe kwa wenyewe: Opio kwenye UNLA, jeshi la serikali, Kato msituni na NRA ya Yoweri Museveni. Hao wawili ni wa kubuni. Vita si vya kubuni.

Mwongozaji amekulia kwenye tamthilia za Kimarekani, zile za marafiki waliosoma chuo kimoja cha jeshi kisha Kaskazini na Kusini zikawagawa. Ametusimulia habari ya kweli ya Lewis Armistead na Winfield Hancock, maofisa waliokuwa marafiki kabla ya vita. Julai 1863, pale Gettysburg, Armistead aliwaongoza watu wake kukipanda kilima kilichoshikwa na askari wa Hancock. Wote wawili walijeruhiwa siku ile ile. Armistead akafa siku mbili baadaye.

"Nataka hiyo," akasema, "lakini ya kwetu."

Nimerudi nyumbani na swali. Katika vita vile vya Marekani, 1861 hadi 1865, mtazamaji ana pa kusimama, maana chini ya kila kitu kuna utumwa. Hapa nitamsimamisha wapi? Kato anasema uchaguzi wa tarehe 10 Desemba 1980, uliomrudisha Obote madarakani, uliibwa. Opio anasema serikali ni serikali, na chama cha Museveni kilichoambulia kiti kimoja bungeni hakina haki ya kuingia msituni. Nikimwandikia Kato vizuri namwamini. Nikimwandikia Opio vizuri namwamini pia.

Wiki ya 1, Ijumaa

Nimemsomea sehemu ya kwanza mzee mmoja wa Mwaloni ambaye amevua tangu enzi za mtumbwi wa kasia. Alisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika Opio na Kato wanapokula kichwa cha sangara, mwaka 1973.

"Sangara gani?"

"Sangara, babu. Samaki."

"Mwaka huo sisi tulikuwa tunakula furu. Na sato, na ningu ukijaliwa. Sangara wa kukuta kila kikaango mtawapata miaka ya themanini huko."

Ni kweli, na aibu ni yangu. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, akachukua muda kutambaa mpaka huku na kuwamaliza furu. Nimefuta kichwa cha sangara mahali panne. Sehemu ya sita, 1986, nimekirudisha: Opio anakutana na samaki asiyemjua kwenye ziwa analolijua. Hiyo nimeipenda.

Wiki ya 2, Jumatano. Igoma

Tumepelekwa kwa mama mmoja aliyefika Mwanza akiwa msichana, na familia iliyomkimbia Amin, akaolewa hapa hapa. Anaongea Kiganda, Kiswahili na Kisukuma, na anavichanganya akiwa na hasira. Tulikwenda kumuuliza habari za nguo na nywele za wakati ule. Alipoona majina ya wahusika akacheka mpaka akashika mlango.

"Mmewaita Opio na Kato, na hamjui mmewaita nini?"

Hatukujua. Nilichagua kwa kusikia tu, moja la kaskazini, moja la magharibi. Kumbe Opio kwa Walango na Waacholi ni mtoto wa kwanza wa pacha, na Kato kwa Waganda na Wanyankole ni pacha wa pili. Nimechukua mapacha wawili wa matumbo mawili, kila mmoja bila mwenzake.

Hapo mama akasema jambo ambalo Msukuma yeyote angelisema kabla hajamaliza kuvuta pumzi: "Basi hapa Mwanza wangewaita Kulwa na Doto."

Mwongozaji alinitazama, mimi nikamtazama. Usiku huo nimeandika upya kurasa kumi na nane. Pacha wa Opio alifia utotoni, wa Kato vilevile. Mama mwenye nyumba wa Mabatini anaposikia hivyo hana shida na kabila la mtu: wewe Kulwa, wewe Doto, kodi tarehe moja. Gatini jina linashika. Hata msimamizi anaandika hivyo kwenye daftari. Miaka minane hakuna anayewaita vingine, na wao wenyewe wamesahau kuitana vingine.

Wiki ya 3

Wiki ya karatasi. Ofisi moja ilitaka nakala tatu za skripti, ikapoteza mbili, ikatuuliza kwa nini tumeleta moja. Tumepeleka tena. Kibali kimetoka Alhamisi jioni, na tumeagizwa kwamba hakuna raia kuvaa sare inayofanana na ya jeshi letu la sasa. Sawa kabisa, na afadhali pia, maana sare za 1979 hazikuwa za mabakamabaka haya tunayoyaona leo. Fundi amenunua suruali za kaki za mitumba Mlango Mmoja, akazichovya kwenye chai ya rangi, kisha akazianika juu ya jiwe lenye vumbi. Zimetoka kama zimetembea kutoka Mutukula, mpakani na Uganda.

Bunduki amechonga seremala. Kumi na mbili, za mti mwepesi, zimepakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa kwa mkaa. Kwa mbali zinaogofya. Kwa karibu zinanuka kiwi.

Wiki ya 4, siku ya kwanza ya kupiga picha

Mwanza ya 1973 haipo, lazima uiwinde kwa pembe. Ukigeuza kamera kushoto kuna mnara wa simu. Ukigeuza kulia kuna bodaboda kumi na mbili zinasubiri abiria. Mawe tu ndiyo hayajabadilika. Jiwe la Bismarck linapigika upande wowote bila kuomba radhi, na mwongozaji analipiga mno.

Tulipanga onyesho la feri upande wa Kigongo. Tumeshindwa. Daraja jipya la Kigongo na Busisi lina zaidi ya kilomita tatu na limefunguliwa Juni 2025, sasa utalificha wapi? Tumehamia kwenye ghuba ndogo ambako upeo ni maji na mlima tu.

Huko tukakutana na gugu maji. Limelala kama zulia, kijani, na maua ya zambarau. Mpiga picha anasema linapendeza. Nikamwambia linapendeza kweli, ila kwenye ziwa hili limeonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na sisi tuko 1973. Tumewalipa vijana wanne walisukume kwa ngalawa na miti. Saa mbili za kazi. Upepo wa mchana ukalirudisha kwa dakika kumi na tano, tena likiwa na chupa za plastiki ndani yake.

Usiku ilikuwa zamu ya vidudu vya ziwani, vile vinavyopanda kama moshi. Vimeifuata taa kubwa mpaka Opio akawa anaongea amefumba macho na kufunga midomo, jambo gumu kwa mtu mwenye ukurasa mzima wa maneno. Mwongozaji alikata, akatazama alichopiga, akasema iachwe. Kwa nyuma vinaonekana kama mji unaungua.

Wiki ya 5, Jumanne

Bunduki imeelea.

Ilikuwa hivi. Kwenye skripti, kijana mmoja wa kikosi anateleza kwenye mtumbwi, SMG yake inazama, na Kato anavuliwa cheo kwa sababu hiyo. Kamera ilikuwa tayari, mwanga wa asubuhi ulikuwa wa kukopa usiorudishwa. Kijana akateleza vizuri mno. Bunduki ikaingia majini, ikatokeza, ikajilaza juu ya maji, ikaanza kwenda zake taratibu upande wa Sengerema. Kato, badala ya kuonyesha hofu, akasema: "Hiyo inajua njia." Hakuna aliyeweza kuendelea.

Mzee wa Mwaloni ndiye aliyetuokoa. Alichukua bunduki moja, akatoboa kitako kwa bisibisi, akaingiza vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu, akaziba kwa lami. "Sasa ina risasi," akasema, bila kucheka. Teki ya pili ilizama kama jiwe. Hatujaipata hadi leo, kwa hiyo zimebaki kumi na moja.

Wiki ya 6. Onyesho la sahani

Hapa nitaandika kwa urefu, kwa sababu nadhani tamthilia nzima iko hapa.

Ni Januari 1981, Kampala, wiki chache baada ya uchaguzi. Opio ni luteni. Kato amekuja kumuaga bila kusema anaaga. Sisi tunajua, na Opio anahisi, kwamba rafiki yake anakwenda msituni. Tarehe 6 Februari Museveni na wenzake watashambulia kambi ya Kabamba, na vita vitakuwa vimeanza.

Tayari njia zao zilishaachana kidogo mwaka 1979, na hili ni jambo la historia lililotusaidia sana. Raia wa Uganda waliokuja na Watanzania hawakuwa kundi moja. Kikosi Maalum cha watu wa Obote kilisogea njia ya Masaka. FRONASA ya Museveni ilisogea njia ya Mbarara. Kwa hiyo Opio na Kato wanavuka Mutukula pamoja, wanagawana sigara moja, kisha mmoja anakunja kushoto na mwingine anaendelea mbele, wakiamini watakutana baada ya wiki. Wanakutana kweli. Ila kila mmoja ameshapata wakubwa wake.

Nakala yangu ya kwanza ya onyesho la Januari ilikuwa kurasa nne za mabishano: uchaguzi, jeshi, nani alipigana Lukaya mwaka 1979, nani alikuja baadaye kula matunda. Waigizaji walikuwa wazuri. Lilikuwa baya. Lilikuwa kama kipindi cha redio cha Jumapili.

Mama wa Igoma alikuwepo, kwa sababu siku hizi hapiki kwake, anatupikia sisi. Alisikiliza mazoezi mawili, kijiko mkononi, kisha akaniita kando.

"Mwanangu, mtu aliyeacha kuwa rafiki yako hakuhutubii. Anaacha kukuita jina."

Nikakaa na neno hilo mchana kutwa. Kwanza nilifikiri Opio amwite "Kato" badala ya "Doto". Haikutosha, ilisikika kama hasira, na hasira bado ni ukaribu. Halafu nikakumbuka Tanzania ya wakati ule, ambamo vijana hawa waliivishwa. Neno lilikuwa *ndugu*. Waziri ni ndugu, karani ni ndugu, mwizi aliyesimama kizimbani ni ndugu. Neno la undugu wa watu wote, na kwa hiyo neno la kumwita mtu usiyemfahamu. Wawili hawa hawakuwahi kuitana ndugu hata siku moja, hawakuwa na sababu.

Onyesho sasa ni ukurasa mmoja. Opio anakula ugali peke yake. Mlango unafunguliwa. Anamtazama Kato, anafuta mkono, anasema:

"Karibu, ndugu Kato. Kaa."

Kato anakaa. Ananyoosha mkono kwenye sahani, kama alivyofanya Mabatini miaka minane, maana walikuwa na sahani moja ya bati iliyobanduka ukingo. Kabla vidole havijafika, Opio anageukia jikoni: "Mleteeni mgeni sahani yake."

Basi. Kato anakula kwenye sahani yake, safi, ya udongo, yenye maua. Hakuna mtu anayetaja uchaguzi.

Tulipiga teki tano. Katika ya nne, mwigizaji wa Kato alirudisha mkono na kuuficha chini ya meza kama mtoto aliyechapwa. Hakuambiwa afanye hivyo. Tumechukua hiyo. Mama wa Igoma alikwenda nje na hakurudi mpaka chai.

Wiki ya 7. Saanane

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, Tu-22, ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza, kwa kuwa Gaddafi alikuwa akimsaidia Amin. Ilikosa shabaha. Silaha zake zilianguka kisiwani Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, zikajeruhi mfanyakazi mmoja na kuua swala na ndege wengi. Msomaji wa skripti kutoka Dar ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii imezidi chumvi." Nimemjibu kwamba hicho ndicho kipande pekee cha ukurasa huo ambacho sikukitunga.

Ndege hatuna uwezo nayo. Tutasikia mngurumo, maji yatatetemeka ndani ya ndoo ya mama mwenye nyumba, kisha kukata: mtunza wanyama anatembea asubuhi kati ya swala waliolala. Mbuzi wanne wa kukodi wamelazwa kwenye majani marefu, wanaonekana migongo tu. Mmoja alikuwa anacheua muda wote.

Maonyesho ya Luwero, eneo la Uganda lililobeba vita vile vya msituni, tumeyapunguza. Mafuvu hatuonyeshi. Waliokufa kule wana ndugu hai, na baadhi yao wataitazama kazi hii wakiwa sebuleni na watoto.

Wiki ya 9. Katonga, yaani bwawa la mafunjo upande wa Magu

Sehemu ya sita. Julai 1985 majenerali wamempindua Obote, mazungumzo ya Nairobi yamezaa mkataba tarehe 17 Desemba, na mkataba hautashika. NRA wako upande huu wa daraja la Katonga, UNLA upande ule. Mto wenyewe unatiririkia ziwa letu hili. Tarehe 26 Januari 1986 Kampala itaanguka.

Majeshi yote mawili yaliamrishana kwa Kiswahili. Hilo lilinisumbua muda mrefu: utaonyeshaje adui anayesema lugha yako? Sasa nimeacha lifanye kazi. Kato ana redio ya upepo waliyoteka. Upande wa pili kamanda anakagua makombora yake usiku, amesahau kidole kwenye kitufe, na anahesabu kwa sauti. Anahesabu kwa Kisukuma, kama alivyozoeshwa gatini kuhesabu marobota. Katika Uganda nzima ni mtu mmoja anayehesabu hivyo. Kato anajua ni nani. Vilevile, na hapa ndipo penye moto, anajua sasa yamebaki makombora mangapi.

Mkubwa wake anauliza: "Anasemaje huyo?"

Mwongozaji anataka Kato aseme ukweli, kwa sababu ni askari. Mimi nataka anyamaze. Tumebishana mpaka jenereta ikaishiwa mafuta. Tumepiga yote mawili na kwenda kulala bila kuagana.

Wiki ya 11, Alhamisi. Chumba cha kuhariri

Tumewaita mzee wa Mwaloni na mama wa Igoma watazame mkato wa kwanza. Sauti ya feni inasikika kwenye maonyesho matatu, itaondolewa. Gugu maji limeponyoka kwenye kona ya picha dakika ya thelathini na moja, nalo litaondolewa, wahariri wanadai kwa bei yake.

Kwenye redio ya upepo mzee akainua mkono.

"Rudisha."

Tukarudisha.

"Amekosea. Ametoka sita akaruka nane. Saba iko wapi?"

Mwigizaji wa Opio si Msukuma, alikariri usiku mmoja. Watu wanne tumelisikiliza onyesho hilo mara hamsini na hakuna aliyegundua. Nikaanza kuandika kwenye orodha kwamba Opio arudie sauti. Mwongozaji alikuwa kimya, kidole kwenye meza, kisha akasema:

"Opio ahesabu sawasawa, aishie sita. Kato ndiye aseme nane."

Mama akasema, "Eeh."

Kwamba Kato amekosea kwa kuwa Kisukuma kimemtoka baada ya miaka yote hiyo, au amekosea kwa makusudi ili mkubwa wake aogope kuvuka usiku ule, hatumwambii mtazamaji. Wala waigizaji hatuwaambii. Neno lenyewe ni moja, uso wa Kato kwa karibu, sekunde nne, tunaweza kulipiga hata nyuma ya duka la nyavu tukiweka mafunjo kwenye ndoo.

Nimempigia simu saa hiyo hiyo. Amenyoa ndevu juzi, kwa ajili ya harusi ya dada yake. Msusi wetu anasema apewe wiki tatu, na asiguse wembe.